Koti la Msemaji

Bukirasazi, 11 Februari 2024

Ndugu yangu Matata,

Salamu kwako, kwa Mwajuma na kwa wote wa nyumba yako. Sisi hatujambo. Mvua ilikawia, halafu ikaja yote kwa pamoja, na maharage ya bondeni yameoza tena. Theodosia anakusalimu. Anasema kile kitenge ulichomshonea, mpaka leo wanawake wanakigusa kanisani na kuuliza jina la fundi.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Mara ya mwisho nilikupigia kukuambia ng'ombe amezaa. Nilikata simu nikiwa nimesikia habari za harusi tatu ulizosema, na ng'ombe wangu sijamtaja.

Nina mambo mawili. La kwanza ni binti yetu Lucia. Wazazi wa kijana mmoja wa Mutaho, Simoni, wametuma mtu, na mahari wanataka kuyaleta mwezi wa nane. Unakumbuka mwaka ule tulipovuka mpaka wa Kobero kutoka Tanzania na mizigo kichwani, tukalala uani kwa baba yako? Lucia alikuwa bado anashika sketi ya mama yake. Nilikuambia palepale kwamba siku atakapoposwa, msemaji wetu utakuwa wewe. Neno langu ni lilelile.

La pili, nimechaguliwa kusema. Mwezi ujao wageni wa lile shirika kubwa linalokopesha nchi zetu watakuwa Gitega, na wanataka kusikia wakopaji wenyewe. Kwa upande wa kati na kaskazini watasikia mtu mmoja tu. Ndiye mimi. Nimeambiwa juzi, na bado nikiamka asubuhi nadhani nimeota.

Kwa hiyo naomba unishonee koti. Na zaidi ya koti, unifundishe jinsi ya kuanza. Hakuna mtu katika nchi hii anayejua kufungua mdomo mbele ya watu kama wewe.

Wako,
Kasiano


Muyinga, 16 Februari 2024

Kasiano,

Barua yako nimeisoma dukani, nikaisoma tena nyumbani, mpaka Mwajuma akaniuliza kwa nini nasonya peke yangu.

Hongera. Nimeandika hongera kabla ya jambo lolote, ili usije ukasema sikukupa.

Sasa nieleze, maana sielewi. Jina langu lilipelekwa Gitega tangu mwezi wa kumi na mbili. Chama chetu cha wafanyabiashara na mafundi kilikaa, wakasema kama kuna mtu wa kusimama mbele ya wakopeshaji wa dunia, ni Matata. Nilinyoa. Nilifua kofia. Nilianza hata kukaa vizuri kwenye kiti, mgongo umenyooka, wateja wakadhani naumwa. Hakuna aliyenijibu ndiyo wala hapana. Halafu nasikia kwako, kati ya habari za maharage na za kitenge, kwamba ni wewe.

Nani alikuchagua? Walikusikia wapi ukisema? Siku ya harusi ya Dorotea ulipewa kazi ya kuwakaribisha watu mezani, ukashika ile sahani kama umeshikiwa bunduki. Mimi nimesema kwenye posa za watu wakubwa, za Wakristo na za Waislamu, wenzangu wamewekewa vibuyu vya pombe na mimi na Fanta yangu, na hakuna familia iliyorudi nyumbani bila mke. Wewe umesema wapi?

Si wivu. Nataka tu kuelewa. Mwajuma ameniangalia nikiandika neno hilo, akacheka: "We Matata, hiyo iko wivu kabisa. Iko inaonekana mpaka kwa masikio." Mwanamke akikujua muda mrefu anakuwa na mdomo.

Kuhusu Lucia, nitasema. Hilo halina mjadala. Mwambie Simoni wa Mutaho aanze kulala mapema, kwa sababu ng'ombe tutakayemtaka atamtoa jasho.

Kuhusu koti nitaangalia kama nina kitambaa.

Matata


Bukirasazi, 23 Februari 2024

Ndugu yangu Matata,

Sikujua kuhusu jina lako. Nakuambia kweli, sikujua. Ningejua ningekuandikia kwa namna nyingine, ingawa sijui ni namna gani.

Umeuliza nani alinichagua. Mwezi wa kwanza walikuja watu watatu na mkalimani kuangalia bonde. Walitaka mtu ambaye mkopo umepita shambani kwake. Mkopo ule ulichukuliwa na nchi ili bonde letu lichimbiwe mfereji. Mchoro ulifanywa kiangazi, na watu waliokaa hapa siku chache wakaondoka. Tuliwaambia maji ya mvua kubwa hupita upande wa mikaratusi. Wakasema mchoro umeshapitishwa huko juu, na kuubadilisha ni sawa na kuomba mkopo upya. Basi mfereji ukachimbwa upande mwingine, na sasa maji yana njia nzuri ya kuingia kwenye maharage yetu. Mkopo wenyewe utaendelea kulipwa mpaka Lucia awe bibi.

Niliwaonyesha hayo nikiwa nimesimama kwenye matope. Sikusema vizuri, nilisema tu. Mkalimani akasema Kiswahili changu hakimpi shida, kwa sababu ni cha Tanzania kama chake. Hiyo ndiyo sababu yote. Hawakuchagua mdomo, walichagua matope na lugha.

Na kikao chenyewe ni hivi. Shirika linabadilisha mkuu. Tangu lianze, mkuu hutoka kwenye zile nchi chache zenye fedha, na barazani kwao kila nchi ina sauti kwa kadiri ya utajiri wake. Sisi tunaokopa tumebanana nchi nyingi kwenye kiti kimoja. Safari hii kuna mama mmoja anayeutaka ukuu huo, naye anatoka nchi inayodaiwa kama yetu. Anazunguka na wenzake kuuliza wakopaji wanataka nini kibadilike. Wakimsikia mtu na kumwelewa, maneno yake yataingia kwenye ripoti itakayosomwa kabla ya kupiga kura.

Mimi nataka jambo moja tu liingie humo: kwamba tuulizwe kabla mchoro haujapitishwa. Nikishindwa kulisema siku hiyo, sidhani kama kuna mtu mwingine atakayepanda kilima hiki kutuuliza.

Kwa hiyo narudia ombi langu. Nianze vipi?

Wako,
Kasiano


Gitega, 1/3/2024

Mujomba Matata,

Salamu sana. Mi niko muzima, ni essence ya gari tu iko inatusumbua, tunapanga mustari tangu asubuhi mpaka giza. Ile kazi nilikuambia nimeipata: mi ndo chauffeur ya wale wageni wa lile shirika, wako wamekodi gari ya patron wangu.

Uliniuliza réunion, kile kikao yao, itakuwa namna gani. Ni hivi. Kila mutu iko na dakika nne, basi. Iko kengele kidogo kwa meza, ikilia micro ya kusemea inazimwa. Na hakuna mwenye kujibu, wako tu wanasikiliza na wanaandika. Nimesikia yule mama mukubwa yao ndani ya gari anasema, mutu akianza na salamu mingi dakika zinaisha na yeye hajasema kitu, wanaandika "hana ombi" na wanaita mwengine. Ilitokea hivyo kwa inchi ingine.

Donc mwambie papa Kasiano aingie kwa shida yake pale pale. Mi sina numéro yake, ndo maana ninakuandikia we.

Koti ukimaliza nitapita kuichukua, kuna safari ya Muyinga wiki ijayo.

Husni, mutoto wa dada yako


Muyinga, 5 Machi 2024

Ndugu yangu Kasiano,

Nimekaa nikafikiri, nikajiona mjinga. Rafiki ananiomba maneno nami nanuna. Samahani. Haya, sikiliza, nakupa kazi yangu ya miaka yote bure.

Umeenda kuomba. Kwa hiyo wewe ni upande wa bwana harusi. Na upande wa bwana harusi una sheria moja kubwa, nawe umeisikia kwenye kila hotuba ya posa, kila misango niliyosema: haja haitajwi. Mtu anayetaja haja yake kabla hajaulizwa amejishusha, na wenyeji wanaanza kuhesabu mbavu zake. Unaingia taratibu. Unasalimu. Unasema habari ya njia, mvua mliyokutana nayo, daraja lililotikisika. Unawasifu wenyeji, watoto wao, ng'ombe wao, hata kama humwoni ng'ombe. Unasema mlikuwa mnapita tu, mkaona moshi wa jiko, mkasema tukawajulie hali. Wao wakikuuliza mna shida gani, unakataa: hatuna shida yoyote. Mpaka waulize tena. Na tena. Hapo ndipo utakapowaambia, na watakuwa wamekaa ukingoni mwa viti vyao.

Muda usikusumbue. Watu waliopanda ndege kuja kusikiliza hawana haraka.

Koti analileta Husni, mtoto wa dada yangu, ndiye anayewaendesha. Kitambaa ni kile cha kijivu nilichokuwa nimejiwekea mwenyewe. Kipimo chako sikukiona, nimekata kwa kukadiria.

Nenda ukatuwakilishe.

Matata


Muyinga, 24 Machi 2024

Kasiano,

Mbona kimya? Kikao kilikuwa tarehe kumi na nne. Leo ni Jumapili ya pili tangu siku hiyo.

Husni alipita hapa na gari. Nikamuuliza, akasema, "We muulize mwenyewe, mujomba." Hakunywa hata chai. Mtoto niliyemlipia karo.

Sokoni kuna mtu aliyetoka Gitega. Anasema alisikia kwamba yule mkulima wa Bukirasazi alisimama, akasema maneno machache sana, kisha akakaa, na ukumbi ukanyamaza kabisa. Kama ndivyo, pole sana. Usijilaumu. Kusimama mbele ya watu si kazi ya kila mmoja, na haikufanyi uwe mtu mbaya. Wewe una shamba zuri. Una mke mpole. Mimi tangu nisikie habari hiyo nimekuombea.

Nilichotaka kujua tu ni ulifika wapi. Ulifika kwenye daraja? Kwenye ng'ombe?

Matata


Bukirasazi, 9 Aprili 2024

Ndugu yangu Matata,

Ni kweli nilisema maneno machache nikakaa. Nitakuhadithia yote, maana wewe ndiye mwalimu wangu.

Nilivaa koti lako. Lilikuwa pana mabegani, na mikono ilifika kwenye vidole. Theodosia alilitazama, akasema, "Hili ni koti zuri sana la mtu mwingine." Husni alinikuta nje ya ukumbi, akanisaidia kukunja mikono kwa ndani. Tuliongea kidogo.

Ukumbini wao walikaa juu, kwenye meza ndefu, na sisi chini kwenye viti vya plastiki. Kila mtu aliyeitwa alikimbia na maneno yake huku akiitazama kengele. Mwalimu mmoja alikatwa katikati ya neno. Muuguzi alisema mambo ya maana kabisa, lakini kwa haraka kiasi kwamba hata mimi niliyekuwa nyuma yake sikuyashika. Wale wageni waliandika, waliandika, hawakuinua macho.

Mimi nilikuwa na karatasi yako mfukoni. Nilikuwa nimeikariri yote: njia, daraja, moshi wa jiko. Halafu nikiwa natembea kwenda kwenye kipaza sauti nikajiuliza kitu kimoja. Hapa ni Gitega. Mimi nimetoka Bukirasazi, kaptula ya shamba nimeiacha kwenye kamba ya kuanikia. Wao wametoka ng'ambo. Sasa mgeni ni nani?

Matata, hatukuwa upande wa bwana harusi. Tulikuwa wenyeji.

Basi nikafanya kama unavyofanya unaposema kwa ajili ya familia ya binti. Nilivua kofia. Nikasema: "Karibuni Burundi. Mmefika salama, mmepumzika, maji mmekunywa. Sasa sisi wenye nyumba tunauliza. Ni nini kilichowaleta?" Nikavuta kiti, nikakaa.

Hapo ndipo ukumbi uliponyamaza. Mkalimani alinitazama kama ninaumwa. Bwana mmoja pale mezani akasema neno kwa mwenzake, akasogeza mkono kwenye kengele. Mimi nilibaki nimekaa na mikono juu ya magoti. Jasho lilikuwa linanitiririka ndani ya koti lako, nafasi lilikuwa nayo.

Yule mama akainua kichwa. Ni mtu mzima, mnene kidogo, ana miwani. Aliweka kalamu chini. Akaichukua ile kengele na kuiweka sakafuni, karibu na mguu wake. Akasema: "Kwetu pia mgeni huulizwa hivyo. Ni miezi sita nazunguka, na hakuna aliyeniuliza." Akawatazama wenzake mezani. "Tumekuja ili tuweze kusema kwamba tulikuja. Hiyo ni kweli kwa wengi wetu hapa. Mimi nimekuja kwa sababu nataka kiti, na sitaki kukaa juu yake bila kujua kimesimama juu ya nini. Sasa niambie, mwenye nyumba."

Ndipo nikasema. Nilisema kwamba kwenye posa zetu pande mbili hukaa zikitazamana, na kila upande una msemaji wake. Anayeleta ng'ombe hana ruhusa ya kujijibu. Lakini kwenye mikopo yao, nilisema, anayeleta ng'ombe ndiye anayeandika ombi letu, ndiye anayeandika jibu letu, halafu anatuletea hata bibi harusi ambaye hatujamwona, na watoto wake tutawalea sisi. Nikawaeleza mfereji na mikaratusi. Nikasema hatuombi tusamehewe deni, tunaomba upande wetu nao uwe na msemaji kabla ya mchoro, siyo baada ya maji.

Mama aliuliza maswali. Yule bwana wa kengele naye akauliza, halafu wengine. Tulitoka njaa imetushika.

Nje waandishi waliniuliza nimejifunzia wapi. Nikawaambia kwa Matata, fundi wa Muyinga. Wameandika jina lako.

Wako,
Kasiano


Muyinga, 17 Aprili 2024

Kasiano,

Nimeliona. Mtu alinionyesha kwenye simu. Picha yako kubwa, umevaa koti langu, na chini kabisa, baada ya habari za bei ya mbolea, wameandika "fundi mmoja wa Muyinga". Fundi mmoja. Hawakuandika Matata.

Sasa nikuambie bila kuzunguka. Lile swali ni langu. Kuvua kofia kwanza ni kwangu. Kukaa na kunyamaza baada ya kuuliza ni kwangu, nilianza mwenyewe kwenye posa ya binti wa mzee Athumani, nikanyamaza mpaka wageni wakaanza kukohoa, na wewe ulikuwa umesimama kule nyuma kabisa karibu na masufuria. Nilidhani unasubiri chakula.

Mimi nilikupa upande wa bwana harusi. Nani alikuambia uchukue na upande mwingine?

Silali vizuri. Nakuwa kwenye cherehani, mguu unakanyaga, naona yule mama anaweka kengele sakafuni. Angeiweka hivyo kwa ajili yangu? Najiuliza hilo kila siku na siwezi kumuuliza mtu. Wateja wanaingia kunisifu: "Kumbe we ndo ulimufundisha yule muzee!" Nawaambia ndiyo, na kila nikisema ndiyo naumia hapa kifuani. Bora wangenitukana.

Mwajuma ameacha kunicheka. Hilo ndilo linalonitia hofu.

Je, ni kweli walipiga makofi? Husni anasema walipiga. Wewe hukuandika. Kama uliliacha ili usiniumize, ujue limeniumiza zaidi.

Na uliongea nini na Husni?

Matata


Bukirasazi, 28 Julai 2024

Ndugu yangu Matata,

Nimekawia kukujibu. Nilianza barua mara nyingi, Theodosia akazitumia kuwashia moto. Alisema hazijaiva.

Kwanza habari za wakubwa. Mkuu amechaguliwa, na si yule mama. Ni bwana mmoja kutoka nchi zilezile za siku zote. Ripoti imetoka, mkalimani amenitumia kipande. Imeandikwa kwamba wakopaji "wataulizwa kabla ya michoro kupitishwa, pale inapowezekana". Hayo maneno mawili ya mwisho sikuyasema mimi. Kuhusu viti vya barazani wameandika kwamba suala hilo litaangaliwa. Mfereji uko palepale. Lakini mwezi uliopita walikuja vijana wawili na kamba za kupimia, wakauliza mikaratusi iko wapi. Nikawapeleka. Sijui kitatokea nini, ila waliuliza.

Sasa habari zetu. Umeniuliza niliongea nini na Husni. Alinisalimu, akasema: "Papa Kasiano, mujomba alikuambia ile ya dakika nne, si ndiyo? Nilimuandikia tangu mwanzo wa mwezi." Nikamwambia ndiyo, aliniambia. Sikutaka mtoto aone aibu kwa ajili yako. Halafu nikaingia chooni, nikaisoma tena karatasi yako. Muda usikusumbue. Nilisoma mstari huo mpaka wakaniita.

Nilikasirika sana, Matata. Nimekasirika tangu mwezi wa tatu, na nikienda shambani nakasirika na jembe. Wewe ulijua kwamba nikishindwa ni bonde zima limeshindwa.

Lakini kuna jambo ambalo haki inanitaka niliseme. Mimi nimekuonea wivu tangu nilipovuka mpaka. Ulikuwa na uwanja wa baba yako, na duka, na mtaa unaokuita kwa jina. Mimi huku kilimani bado wananiita Mtanzania. Kwenye kila posa naambiwa nikae nyuma, kwa sababu hakuna anayemjua babu yangu. Kwa hiyo nilisimama karibu na masufuria na kukusikiliza. Sikuwa nasubiri chakula. Nilishika kila neno, nikirudi nyumbani nalisema kwa ng'ombe, Theodosia anajua. Waliponiambia ni mimi nitakayesema Gitega, furaha yangu ya kwanza haikuwa bonde. Nilifikiri: Matata atasikia. Ndiyo maana nilikuandikia haraka vile, na nikaiweka habari hiyo chini ya maharage, kama kitu kidogo.

Kwa hiyo sikuhukumu kwa wivu. Ninao. Nakuhukumu kwa ule mstari mmoja.

Siku ya Lucia ni tarehe kumi na saba Agosti. Msemaji wetu atakuwa Ignasi, jirani yangu. Njoo na Mwajuma na watoto. Utakaa mstari wa mbele, karibu na mimi, na hutasema. Utasikiliza mpaka mwisho, kama nilivyokuwa nikisikiliza mimi.

Mtu mwingine wa Mutaho ameniomba nimsemee posa ya mwanawe mwezi wa kumi. Nimekubali. Nilitaka ulisikie kwangu.

Kasiano


Muyinga, 6 Agosti 2024

Kasiano,

Barua nimeisoma mara moja tu, imetosha. Nilifunga duka saa nne asubuhi, watu wakadhani tumefiwa.

Nimetafuta la kujibu. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno mbele ya mtu. Nimeandika kurasa nzuri sana, zina njia, zina daraja, zina moshi wa jiko. Mwajuma akazisoma, akaniambia: "Hapa hujasema kitu, Matata. Uko unazunguka tu." Nikazichana.

Nilijua. Husni aliniandikia nami nikajua, na nikashika kalamu nikijua.

Nitakuja tarehe kumi na saba. Nitakaa mtakaponiweka. Sitasema, hata Ignasi akisahau kumsifu ng'ombe, hata akitaja haja kabla ya wakati, nitauma ulimi. Fanta yangu iwe baridi. Hiyo tu.

Lakini huyo Ignasi atasimama mbele ya watu wa Mutaho kwa ajili ya Lucia, na hawezi kusimama na sweta. Nitumie kipimo chake: mabega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Mpime kwa kamba, usikadirie. Nitamkatia lake kwa mwili wake mwenyewe, na litafika kabla ya siku.

Na lile la kijivu nirudishie kwa Husni, nilipunguze ulivae mwezi wa kumi. Kipimo chako hakikupotea. Kimeandikwa kwa chaki ukutani, nyuma ya cherehani, tangu suruali yako ya kwanza ya Krismasi. Nilikuwa nakitazama wakati nakata kwa kipimo changu.

Ignasi ana sauti nzuri? Usinijibu. Au nijibu. Kama bega lake moja liko chini kuliko lingine, niambie, nitalificha kwa kitambaa na hakuna atakayejua. Ila mimi nitajua, na siku hiyo nikiwa nimekaa kimya mbele ya watu wote, litanisaidia kidogo.

Matata